Majivu Katika Bustani ya Talaso

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Labda hawakuwahi kukaa Isiolo mwishoni mwa kiangazi, wakaona samadi iliyolala juani miaka mingi ikimwagiwa maji kwa mara ya kwanza. Hunuka. Wala si uvundo. Ni harufu nzito, tamu kidogo, yenye moshi na majani makavu na ngozi ya ndama ndani yake, harufu inayokufanya ugeuke utazame kama kuna ng'ombe amesimama nyuma yako. Hadi leo nikipita karibu na watu wanaouza miche, harufu hiyo ikanifikia, miguu yangu husimama yenyewe. Kwa wengine ni mbolea tu. Kwangu mimi ni ua wa nyuma wa nyumba yetu katika mtaa wa Chechelesi, katika miaka ya sabini, mama yangu ameinama na leso yake ameifunga kiunoni, na mdogo wangu Talaso ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akingoja kuambiwa ni jani gani limekuwa tayari kuchumwa.

Hatukuwa watu wa bustani. Baba yangu, Guyo, alikuwa mfugaji, na baba yake vilevile, na kama ungemwambia kwamba nyumba yake itakuja kuinamia jembe, angeona umemtukana. Tuliishi upande wa Garbatulla, ndani ya boma la miiba, na nikikumbuka maisha yale nakumbuka weupe wa maziwa: maziwa asubuhi, maziwa jioni, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Kisha mvua ikakataa. Ikakataa tena mwaka uliofuata. Ng'ombe walianza kufa mmoja mmoja, na baba alikuwa akikaa kando ya kila mmoja mpaka mwisho, akimwita kwa jina lake; halafu wakawa wanakufa wengi kwa pamoja, na hakuwa na nafasi tena ya kukaa na yeyote. Tulipofika mjini Isiolo tulikuwa na mbuzi wachache waliokonda, vibuyu vitupu ambavyo bado vilinuka maziwa, na baba aliyekuwa ameacha kuzungumza. Alipata kazi ya kulinda ghala la nafaka. Alikuwa akirudi nyumbani, anakunywa chai ya rangi, anaketi mlangoni akiangalia barabara wanakopitishwa ng'ombe wa watu wengine kwenda mnadani. Mimi nilikuwa na umri wa kama miaka tisa. Talaso alikuwa wa miaka minne, na hakuwa na kumbukumbu yoyote ya maziwa.

Tuligundua ugonjwa wake wakati wa magharibi. Mama alikuwa amempa bakuli la uji, na Talaso akanyoosha mkono akashika hewa kando ya bakuli. Mama alicheka, akidhani ni mchezo. Akalisogeza bakuli karibu, na mtoto akapapasa tena, safari hii akiwa ameinua uso kama mtu anayesikiliza sauti ya mbali. Mchana alikuwa akikimbia ua mzima akiwafukuza mbuzi, lakini jua likishaanza kuzama nyuma ya nyumba, alijikunyata mahali alipo na kuita, "Halima, uko wapi?" nami niko mbele yake. Majirani walimfariji mama wakisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mama aliichukia methali ile. Alisema yeye hajaomba kuchagua, anataka mtoto mwenye macho na moyo.

Muuguzi wa zahanati alimfunua Talaso kope, akamwangalia kwa muda mrefu, kisha akamwambia mama kwamba macho yale yana njaa. Hakusema tumbo, alisema macho. Ampe maziwa, maini, na mboga za majani kila siku: majani ya maboga, kunde, mchicha, sukuma wiki. Akaongeza kwamba mtoto wa namna hiyo akipatwa na ugonjwa mwingine huwa hana nguvu za kushindana nao, kwa hiyo asicheleweshe. Maziwa na maini yalikuwa ya wenye nazo. Mboga zilikuja sokoni kutoka Meru juu ya malori, na mpaka zifike kwetu zilikuwa zimenyauka, na hata hivyo hatukuzimudu kila siku. Mama alirudi nyumbani akauangalia ua wetu wa nyuma, mahali palipokuwa na udongo mgumu wa rangi ya kijivu na vipande vya chupa. Siku iliyofuata aliazima jembe. Baba alimwona akipiga pigo la kwanza, jembe likaruka kama limegonga jiwe, na akasema neno lake la kwanza baada ya siku nyingi. "Sisi si watu wa kuchimba." Mama hakuinua kichwa. "Na mtoto si kipofu," alijibu, akapiga tena.

Aliyemfundisha alikuwa jirani yetu Mama Kanana, mke wa karani wa serikali aliyekuwa ametoka kuhamishiwa Isiolo, Mmeru wa kule juu mlimani ambako, kwa maneno yake mwenyewe, ukitupa mbegu nyuma ya mgongo wako utakuta imeota ukigeuka. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti kubwa na kicheko cha haraka, na Isiolo ilimchosha: vumbi, upepo, na upweke wa kutojua lugha ya majirani. Alipomwona mama akipambana na jembe alipitia pengo la ua akaita, "Hodi, habari ya hapa?" na kabla hajajibiwa alikuwa ameshika mpini. Tangu siku hiyo wakawa hawaachani. Wote wawili walizungumza Kiswahili cha kuokoteza, kila mmoja akikivunja kwa namna yake, na bado wakaelewana. Mama Kanana alitufundisha kutengeneza matuta, kuchimba shimo la mboji na kulijaza maganda, majani na kinyesi cha mbuzi kwa tabaka, na kumwagilia maji kabla jua halijapanda. Na alitufundisha majivu. "Jivu ndio siri, Mama Halima," alimwambia mama. "Kwetu bila jivu hakuna mboga. Mamangu alinilea na jivu." Alikuwa akikusanya majivu ya jiko lake mwenyewe, na ya majirani zake, akatuletea karai juu ya karai, na Talaso akapewa kazi ya kuyanyunyiza kwa mikono. Alikuwa akimaliza akiwa mweupe mpaka kwenye nyusi, na wale wanawake wawili wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Mvua ya masika mwaka ule ilikuja vizuri. Ndilo jambo ambalo mama hakulisahau maisha yake yote: kwamba mvua ilikuwepo. Mbegu ziliota, tukaita majirani waje waone. Kisha majani yakaanza kuwa manjano, kwanza kati ya mishipa, halafu jani zima. Kingo zikaungua kama zimepitishwa juu ya mshumaa. Mama Kanana alisema tuongeze majivu, tukaongeza. Mvua ilipokatika, ukoko mweupe ulijitokeza juu ya matuta, na nilipouonja kwa ncha ya ulimi ulikuwa mchungu kama magadi. Maboga hayakuwahi kufikia kutambaa. Mama aling'oa mche wa mwisho na kuushika kiganjani, na mizizi yake ilikuwa mifupi kama nywele za mtoto mchanga. Jioni ile Talaso alijikwaa kwenye kinu akapasuka mdomo.

Bwana shamba tulikuwa tumemwomba tangu mwanzo wa mvua, lakini eneo lake lilikuwa kubwa, lilifika hata Kinna ambako watu walikuwa wakilima kwa maji ya mifereji, na gari lake lilikuwa bovu mara nyingi. Alikuja masika yakiwa yamekwisha. Alikuwa kijana mpole mwenye kofia ya turubai. Hakuanza kwa kusema; alianza kwa kuchimba. Alichukua udongo pembe hii na pembe ile, wa juu na wa chini, akauchanganya kwenye karai na kuutoa mawe. Mwingine akautia katika chupa ya kioo pamoja na maji, akaitikisa na kuiweka chini, tukatazama mchanga ukishuka kwanza, kisha tope jembamba, na maji ya juu yakikataa kutakata. Halafu akatoa mfukoni kichupa cha siki, akadondosha matone machache juu ya udongo mkavu. Udongo ukachemka. Ulitoa povu na sauti ndogo ya kufoka, kama mafuta kwenye kikaango, na Talaso akapiga makofi.

"Mmetia nini hapa?" bwana shamba aliuliza.

"Jivu," Mama Kanana alijibu kwa fahari, akijipiga kifua. "Mimi ndio nilimfundisha. Jivu mingi."

Bwana shamba alifunga kichupa chake. Kisha akaeleza, kwa upole, huku akiangalia chini. Udongo wa kule Meru, alisema, ni mkali kama ndimu, na majivu huupoza, ndiyo maana wazazi wa Mama Kanana walifanya vyema. Lakini huu wa hapa umezaliwa na magadi. Kuutia majivu ni kumpa mwenye kiu maji ya chumvi. Maji ya sabuni nayo yasimwagwe hapa. Unachotaka udongo huu ni samadi, nyingi, ya zamani, iliyokwisha kunyeshewa ikaoshwa, ichanganywe na mboji mpaka ardhi ilainike na chumvi ipate njia ya kushuka chini. "Si kosa la mtu," alimaliza. "Kila udongo una dawa yake."

Nilimwona Mama Kanana akimwangalia Talaso, aliyekuwa amechuchumaa akiomba udongo uchemshwe tena. Hakucheka siku hiyo. Alisema ameacha chungu motoni, akapita pengoni, na kuanzia hapo ziara zake zikawa fupi, za kusimama, kama mtu anayepita njia.

Mama aliuliza samadi ya namna hiyo ipatikane wapi, maana ya mbuzi wetu haikutosha hata tuta moja, na ya mnadani ilikuwa mbichi, ya kuunguza mizizi. Hapo sauti ikatoka mlangoni. Baba, ambaye hatukujua kama anasikiliza, alisema, "Mimi najua iliko."

Aliondoka na lori la wafanyabiashara wa mifugo lililokuwa likirudi Garbatulla tupu. Hakuna aliyekwenda naye, kwa hiyo ninayosimulia ni yale ambayo mama alinieleza baadaye, kwa vipande, kadiri baba alivyomweleza yeye. Alilikuta boma letu la zamani miiba yake imeanguka. Mifupa ilikuwa imetawanyika nje, mingine imesagwa na fisi, lakini pembe zilibaki, na kwa pembe aliwatambua: huyu Adi, ng'ombe mweupe aliyemnywesha Halima maziwa, huyu mama yake Adi. Ndani ya boma, tabaka la samadi lilikuwa limefika gotini, la kizazi kizima cha ng'ombe, juu likiwa jepesi na lililooshwa na mvua zile za masika. Baba yangu hakuwa amewahi kushika sepetu. Alijaza magunia aliyokwenda nayo kwa mikono yake, akiwa amepiga magoti.

Alirudi kwa lori, ameketi juu ya mzigo huo, nguo na nyusi zake zikiwa na rangi ya vumbi la boma. Mama alipofungua gunia la kwanza na kulimwagia maji, harufu ilipanda, na baba akageuka ghafla kutazama nyuma yake. Kisha akaingia ndani. Tulimsikia analia, kwa sauti, kama watoto wanavyolia, na mama akatuzuia tusiingie. "Mwacheni," alisema. "Hakuwa amewazika."

Tulichimba matuta upya. Samadi ilichanganywa na mboji, ikalazwa, ikamwagiliwa mpaka maji yakashuka yenyewe badala ya kusimama. Mvua fupi za vuli zilipoanza, mama alipanda kunde, mchicha na maboga, na safari hii hakuita mtu aje kuona. Alikuwa akienda kuyaangalia majani alfajiri, akiyageuza upande wa chini kwa kidole, kimya. Yalikuwa ya kijani kibichi, kizito, cha kung'aa. Maboga yalitambaa mpaka kwenye ua, yakapita pengo, yakaingia upande wa Mama Kanana. Talaso alikula majani yale kila siku, yamekaangwa kwa samli kidogo ambayo mama aliipata kwa kuuza mbuzi, na alikuwa akinyanyua kijiko akitangaza, "Hii ni ya jicho hili, na hii ni ya hili." Kisha jioni moja, giza likiwa limeanza kuingia na mimi nikiwa nafunga zizi la mbuzi, nilimsikia akisema nyuma yangu, "Halima, mmoja amebaki nje." Niligeuka. Alikuwa amenyoosha kidole, na kweli mbuzi mmoja alikuwa amesimama kule mwisho wa ua, mweusi katika weusi wa jioni. Nilimbeba Talaso, nikakimbia naye kwa mama. Baba aliinuka mlangoni, akasogea mbali hatua kwa hatua, akiuliza, "Unaniona? Na hapa, unaniona?" na Talaso akijibu ndiyo, ndiyo, mpaka baba akagonga ukuta wa jirani.

Surua iliingia mtaani wakati maboga yanatoa maua. Ilipita nyumba hata nyumba, na watoto wengi waliugua wakapona, nami nikiwa mmoja wao. Talaso naye alitokwa na vipele kama sisi, tukalala kitanda kimoja tukishindana kujikuna. Mimi nilianza kuinuka. Yeye akaanza kupumua haraka, mbavu zikiingia ndani. Muuguzi yule yule alikuja nyumbani, akamsikiliza kifua, na kumwambia mama kwamba mwili umeanza kupata nguvu, lakini nguvu zenyewe ni changa. Mama alimpondea majani ya maboga akachuja maji yake, akamtilia mdomoni kwa kijiko. Yalirudi. Alifariki asubuhi, jua likiwa limejaa chumbani, na macho yake yakiwa wazi, safi kabisa, yasiyo na kasoro. Baba ndiye aliyeyafumba. Alizikwa kabla ya adhuhuri.

Kwa siku za matanga nyumba yetu ilijaa watu. "Salaam aleikum," wakiingia. "Mungu amempenda," wakitoka. Mama Kanana hakuingia. Nilimwona amesimama nje ya pengo lake na birika la chai mikononi, amejifunika kitenge kichwani, akitazama mlango wetu. Kila nilipotoka alikuwa pale, chai imepoa, na kila aliponiona alirudi kwake. Nilimwambia mama. Matanga yalipokwisha alikwenda bustanini kwa mara ya kwanza tangu msiba, akachuma majani ya maboga mpaka leso ikajaa, akanishika mkono, tukapita pengoni.

Mama Kanana alikuwa ameketi jikoni gizani. Alipotuona alifunika uso.

"Mama Halima, usiingie," alisema. "Ni mimi. Ile mvua ya kwanza, ni mimi nilimwibia mtoto. Angekula tangu ile mvua angekuwa na nguvu. Mimi na jivu yangu."

Mama aliweka leso chini. Niliogopa, maana nilikuwa nimeshaanza kuelewa kwamba maneno yale huenda ni kweli. Mama alijua pia. Nadhani alikuwa amelihesabu jambo lile kila saa tangu asubuhi ile.

"Ulinipa kile mama yako alikupa," alisema hatimaye. "Kama ungekuwa na kingine ungenipa." Akamsogezea leso. "Mimi siwezi kula hii mboga, Mama Kanana. Inanikwama hapa. Na siwezi kuiacha ikauka. Nisaidie. Niambie nifanye nini na hii mboga."

Wakashikana pale sakafuni, wakalia, mmoja akimlilia mtoto kwa Kiborana na mwingine kwa Kimeru. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa bado na mabaki ya vipele mikononi.

Walichofanya ni hiki: kila asubuhi Mama Kanana alichukua mboga za Talaso akazipeleka zahanati, akawagawia akina mama waliopanga foleni na watoto wao. Mama mwenyewe hakuwahi kuonja. Na aliyemwagilia bustani ile, aliyeigeuza, aliyerudi Garbatulla kuleta samadi zaidi, alikuwa baba. Aliinama pale kila alfajiri kabla ya kwenda ghalani, na wafugaji wenzake walipopita wakamcheka, hakuinua kichwa. Alilima mpaka uzee wake, na hakuwahi kukubali kuitwa mkulima.

Siku hizi Isiolo ina majumba yenye nyasi zilizokatwa sawasawa, na watu huita vijana wenye vyombo vinavyochomekwa ardhini ili wajue kwa nini nyasi zao zimekuwa manjano. Namba hutokea mara moja. Kijana anasema udongo una magadi, tia samadi, usitie majivu, kisha anapanda pikipiki yake. Sina ugomvi naye. Ni vizuri watu wajue mapema.

Mwaka jana nilimsindikiza binti yangu kliniki na mtoto wake. Muuguzi alimchoma mtoto chanjo ya surua mkononi. Kisha akakata ncha ya kidonge kidogo chenye mafuta, akamkamulia mdomoni matone machache, akasema haya ni ya macho na ya kumpa nguvu, na akaita, "Anayefuata!" Mtoto hakuwa hata amemaliza kuvuta pumzi ya kulia. Binti yangu alikuwa tayari amesimama, anatafuta simu yake. Alinikuta bado nimeketi kwenye benchi. "Mama, twende, tumemaliza," aliniambia. Nilimjibu ninakuja. Akasema tena kwamba tumemaliza, hakuna kingine, ni hayo tu.